Mwita, Mimi na Breki za Shamba la Mama Perez

Nyinyi vijana mnaoshika spana leo, nawaonea wivu, na afadhali niliseme mapema kabla hamjanipa heshima nisiyostahili. Juzi nilipita Rodi Kopany nikamkuta mmoja wenu amelala chini ya trekta. Amelala juu ya godoro! Taa ameifunga kwenye paji la uso, glavu mikononi. Kabla hajafungua hosi za usukani alizipiga picha kwa simu, moja baada ya nyingine, ili akumbuke ipi ilitoka wapi. Nilisimama pale nikimtazama kama mtu anayechungulia harusi ambayo hakualikwa.

Sisi tulifunga vitambaa. Chekundu hosi ya kushoto, cheupe hosi ya kulia. Siku moja kule Sindo vitambaa vyangu vililowa oili vikawa vyote rangi moja, nami nikarudisha hosi kwa kukisia. Mwenye trekta akapanda, akakata kushoto aingie barabarani, trekta ikakata kulia ikaingia kwenye choo cha jirani. Bahati hakikuwa na mtu. Jirani alitoka na karatasi mkononi, akatazama mabati, akanitazama mimi.

"Sasa fundi," akasema, "mimi nilikuwa naelekea huko. Unanishauri nini?"

Nilimchimbia choo kingine siku nne. Kwa hiyo shikeni hili: ukifungua hosi mbili za silinda ya usukani, usiondoke hapo hata kwa chai kabla ya kuweka alama ambayo oili haiwezi kufuta. Piga nukta moja kwa patasi kwenye nati ya kushoto, nukta mbili kwenye ya kulia. Ama piga picha, nyinyi mliojaliwa.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Sikufukuzwa; niliona lori la tumbaku likipita, nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikwenda Migori. Huko nikakausha tumbaku, nikachoka, nikafuata watu waliochimba dhahabu, nikachoka, nikashuka ziwani nikavuta nyavu msimu mmoja. Popote nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakakasirika, na nilipomaliza maswali niliondoka. Ndiyo maana hadi leo kuanzia Rangwe mpaka Sindo wananiita Jawuoth, mtembezi. Mama yangu alikufa akiamini nitatulia mwaka unaofuata.

Trekta ndicho kitu cha kwanza ambacho maswali yake hayakuisha. Mzee Oloo, fundi aliyenifundisha, alinikuta nikimsumbua dereva wake kwa maswali, akanipa beseni. "Wewe unayeuliza sana," akaniambia, "shika hii chini ya huu mfereji. Oili ikija, ujue imetoka wapi." Nilishika beseni lile, naweza kusema, miaka kumi na minne.

Mzee Oloo hakuwa mtu wa kueleza. Nilipoanza, niliwahi kumwaga oili ya injini ndani ya kitangi cha breki kwa sababu ile ya breki ilikuwa imeisha na niliona oili ni oili. Hakunigombeza. Alitafuta raba mbili kuukuu zinazofanana za masta silinda, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali ya breki, akaziweka katika vifuniko viwili vya soda. Kimoja akatia oili ya injini, kingine ile ya breki. Kesho yake alinipa nizipime kwa vidole. Moja ilikuwa vilevile. Ile ya oili ya injini ilikuwa imevimba na kulegea kama andazi lililoanguka kwenye chai. "Hiyo ndiyo unataka isimamishe mtu kwenye mteremko," akasema, akaenda zake. Mpaka leo nikiona kijana anafungua mtungi na kumimina bila kuuliza trekta hiyo inakunywa nini, mgongo unaniuma. Trekta nyingine za zamani zinataka ile ya magari, nyingine zinataka ya aina nyingine kabisa, na raba zake zinajua tofauti hata kama wewe hujui.

Sasa nimekawia kumtaja Mwita. Mnaona nilivyozunguka.

Mwita ni Mkuria, kwao ni ng'ambo ya mji wa Migori kuelekea mpakani. Alikuja kwa Mzee Oloo wakati mimi nimeshakaa miaka tisa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anayenawa mikono kwa majivu na sabuni kila anapomaliza kazi, hata kama baada ya dakika tano atashika grisi tena. Jambo hilo pekee lilitosha kunikasirisha. Halafu alikuwa haulizi. Anatazama, ananyamaza, anapapasa paipu kama daktari anayetafuta mshipa, kisha anasema neno moja, na neno lenyewe ndilo.

Siku yake ya tatu, tuliitiwa trekta nyekundu ya mkulima mmoja aliyekuwa analima pembeni ya barabara ya Homa Bay. Usukani ulikuwa mgumu hata wanaume wawili walikuwa wakiushika pamoja. Hapo nilikuwa fundi kamili, nikataka mgeni aone. Nikapiga jeki mbele mpaka magurudumu yakaning'inia, nikazungusha usukani. Ukazunguka laini. Kipimo hicho ni kizuri, mkichukue: ukinyanyua mbele na usukani bado mgumu, basi kuna chuma kimekauka au kimepinda, tafuta grisi na pini za magurudumu. Ukinyanyua ukawa mwepesi, ukishusha ukawa mgumu, basi vyuma viko sawa na oili ndiyo haina nguvu. Nikamwambia mwenye trekta kwa sauti ya kusikika barabarani: "Pampu imekufa. Tafuta pampu."

Yule mkulima akashika kichwa. Mwita alikuwa amechuchumaa upande wa pili.

"Jawuoth," akasema, "waambie wawashe kidogo, waikanyage moto."

Dereva akawasha, akakanyaga. Mwita alikuwa amezungushia vidole kwenye hosi ile nene inayotoa oili kwenye tangi kuipeleka kwenye pampu. Akaniita nishike. Injini ilipopanda, hosi ilijifinya mkononi mwangu ikawa bapa, kama mrija wa soda mtoto anapovuta na chupa imeisha. Hosi ilikuwa imeoza kwa ndani ikalegea. Pampu ilikuwa nzima ila ilikuwa ikivuta na kitu hakiji. Tukabadilisha hosi tu. Mwenye trekta alilima siku ileile, na aliyepewa kuku wa kwenda naye nyumbani ni Mwita.

"Umejuaje?" nilimuuliza njiani.

"Ilikuwa inalia."

"Inalia vipi? Hata mimi nina masikio."

"Inalia kama ng'ombe aliyebanwa pua," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Kuku alikuwa ananitazama kutoka kwenye kikapu chake.

Kuanzia hapo ikawa watu wakija kwenye banda wananisalimia vizuri sana, wananiuliza habari za nyumbani, halafu wanasema, "Mwita yuko?" Mzee Oloo alipofariki tukabaki wawili, yeye upande wa Migori, mimi huku Rangwe, lakini kila mara alikuwa akiitwa kwangu mimi nikiwepo. Nawaambia vijana, wivu wa ufundi ni mbaya kuliko wa mapenzi. Wa mapenzi, yule mwanamke anaweza kukosea akarudi. Trekta haikosei. Ikimtii mtu, imemtii.

Miaka michache iliyopita, mwanzo wa mvua ndefu, Otieno mtoto wa kwanza wa Mama Perez alinipigia simu. Mwita alikuwa amekwenda kwao kwenye mazishi ya shangazi yake. Otieno hakunificha. "Tumemkosa Mwita," akasema, "ndiyo tukasema wacha tuone wewe." Nilimeza hilo bila maji.

Mama Perez ni mjane, mke mkubwa wa boma lile, na wanawe watatu walikuwa wamenunua kwa pamoja trekta ya bluu, kuukuu lakini yenye moyo. Mdogo wao, Jared, ndiye dereva. Tatizo lilikuwa hili. Nyinyi wa kwetu mnajua, wageni niwaeleze: katika boma la Kijaluo, mbegu haiingii ardhini hovyo. Mama mkubwa ndiye anayetangulia, kisha wana kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto akitangulia kulima kabla ya mama yake, hilo ni kosa ambalo boma zima linaogopa matokeo yake. Sasa shamba la Mama Perez lilikuwa kwenye mteremko unaoshuka mpaka karibu na mto, lilikuwa limelala bila kulimwa, udongo mweusi umeshikana, ng'ombe wa plau walikuwa wamelijaribu wakashindwa. Trekta pekee ndiyo ingeliweza. Na trekta haikuwa na breki. Mashamba ya wana yalikuwa tambarare, ng'ombe wamesimama wanacheua, mvua imeshanyesha mara mbili, na hakuna aliyeweza kugusa ardhi mpaka mama aanze.

"Majirani wamepanda," Otieno aliniambia nilipofika. "Sisi tunaangalia. Watoto wangu watakula kuangalia?"

Jared akanieleza dalili. Pedali inashuka. Wanaongeza oili kwenye kitangi, inakaa siku mbili tatu, inapungua tena. Chini hakuna tone.

Vijana, nisikilizeni hapa. Oili ya breki ikipungua na chini pakavu, ndani ya magurudumu pakavu, paipu zote kavu, basi imeingia mahali usipopaona. Kwenye trekta kama ile, breki ziko ndani kabisa, zinaoga kwenye oili ya difu, lile sanduku la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, na pistoni ndogo zinazozisukuma zina raba zake. Raba zikichoka, oili ya breki inavuja kuingia kwenye difu kimyakimya. Unavuta kijiti cha kupimia cha difu, unatazama: kama oili imepanda juu ya alama na wewe hujaiongeza, umemkamata mwizi. Kazi ya dakika mbili. Mzee Oloo alinifundisha kabla hata sijafundishwa kuziba pancha. "Oili haiendi mbinguni," alikuwa akisema.

Mimi sikuvuta kijiti.

Niliuliza swali moja tu, mimi mtu wa maswali: "Nani alishika breki hizi mara ya mwisho?"

"Mwita," Jared akasema. "Alibadilisha raba za masta silinda mwaka jana."

Mnajua njaa ya mtu aliyefunga anaposikia harufu ya samaki? Nilifungua masta silinda ile mbele ya ndugu wote watatu. Niliitoa pistoni, nikaigeuza juani, nikapitisha kidole ndani ya silinda. Ukuta ulikuwa laini kama glasi. Raba zilikuwa nyeusi, ncha zake kali, hazina mkwaruzo. Kazi safi, hata mimi nisingeweza kuifanya vizuri zaidi. Nilizishika muda mrefu. Kisha nikazitia mfukoni haraka, nikatoa mpya.

"Mwaona," nikasema. "Kazi ya haraka haraka. Huyu rafiki yenu aliweka tu ilimradi."

"Mwita?" Otieno akashangaa.

"Hata nyani huanguka mtini."

Nikafunga, nikajaza oili, nikatoa hewa. Pedali ikasimama imara kama jiwe. Ingekosaje kusimama na kitangi kimejaa? Jared akaijaribu uwanjani, ikashika, akavunja udongo kwa matairi. Ndugu wakanipigia makofi. Mama Perez aliniletea uji mwenyewe, akasema, "Kumbe hata wewe unajua." Neno "hata" lilinichoma, lakini uji niliunywa.

Ilikuwa Jumamosi, na mchana uleule trekta ilibeba mawe ya ujenzi wa kanisa. Jumapili baada ya ibada Jared alinitafuta.

"Fundi, pedali imeshuka kidogo."

Hapo Mungu alikuwa ananipa nafasi ya pili, na njia ya kwenda kwao ni fupi, ila nilikuwa na shati safi. Nikamjibu: "Raba mpya lazima zikae. Kanyaga mara mbili, itapanda."

"Una hakika?"

"Wewe ni fundi ama mimi ni fundi?"

Jumatatu asubuhi boma lote lilitoka. Mama Perez alisimama chini ya shamba lake, karibu na ua wa minyaa tunaouita ojuok, na mbegu zake kwenye ungo, akingoja mstari wa kwanza. Jared alipanda na trekta mpaka juu, plau imenyanyuliwa, akageuza pua itazame chini ajipange. Alitaka kubadilisha gia. Akakanyaga klachi, akakanyaga na breki. Mara moja. Mara mbili, kama nilivyomfundisha. Mara ya tatu pedali ililala sakafuni ikabaki huko.

Trekta ikaanza kushuka. Mwanzoni polepole, kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Halafu haikuwa polepole tena. Nilimwona Otieno anakimbia, na mke wake anapiga kelele, "Mama! Mama, toka hapo!" Mama Perez aligeuka kutazama, miguu yake haikuwa ya kukimbia tena. Mimi nilisimama. Nilitaka kupiga kelele, nikakuta sijui nipige kelele nimwite nani.

Aliyeokoa ni Jared. Aliachia klachi injini ishike, ikanguruma, ikapunguza kidogo tu. Kisha akapiga chini mkono wa haidroliki, plau ikaanguka kwa uzito wake wote, sahani zikauma ardhi ile ngumu. Trekta ilikwaruza, ikapinda, ikasimama. Kati ya pua yake na ungo wa Mama Perez mngeweza kulaza ng'ombe mmoja, tena ndama. Likumbukeni hilo la Jared: plau ni nanga. Na kwenye mteremko usikanyage klachi kabla hujajua breki iko.

Mama Perez hakuanguka. Alitazama mbegu zake kama zipo zote. Kisha akatazama ule mkwaruzo uliopinda uliokuwa nyuma ya trekta.

Nanyi msidhani watu walinigeukia mimi. Otieno alisema, "Mama... sasa hiyo ni kulima? Tumeanza ama hatujaanza?"

"Hiyo ni kukwaruza," mama akasema. "Mpigieni Mwita."

Mwita alifika saa sita, nyuma ya pikipiki, bado amevaa suruali ya mazishi. Alisalimia watu wazima kwanza, mmoja mmoja. Akamuuliza Jared dalili. Akavuta kijiti cha difu. Hata kutoka nilipokuwa niliona oili imepanda vidole viwili juu ya alama. Akainusa. Akakipangusa kijiti, akakirudisha.

"Nani alifungua masta?"

Ningeweza kunyamaza, lakini kila mtu alikuwepo.

"Mimi."

"Uliikuta imeharibika?"

Raba zake zilikuwa bado mfukoni mwangu, nilikuwa nimevaa suruali ileile ya kazi. Nikazitoa nikampa. Akazigeuza kwa kidole gumba.

"Hizi ni nzima, Jawuoth."

"Ni nzima."

"Sasa ulibadilisha kwa nini?"

"Nilitaka ziwe mbovu," nikasema.

Kisha mke wa Otieno akasema, "Yawa! Mama yetu angekufa kwa sababu hawa wanaume wawili wanagombea trekta?" Mwanamke mmoja wa jirani akacheka, akaziba mdomo. Mwita peke yake hakusema kitu, na hata hilo, nawaambia ukweli, lilinitia wivu. Mimi ningekuwa yeye ningeongea mpaka jioni.

Badala yake akamgeukia Mama Perez. "Mama, mimi ni mtu wa nje, unisamehe. Kazi hii itachukua siku mbili, lazima ning'oe gurudumu na nyumba ya ekseli. Hiyo desturi yenu, ni lazima trekta ianze kwako? Ama ni wewe uanze?"

Mama Perez akamtazama, halafu akawatazama wanawe.

"Ni mimi nianze," akasema. "Zamani tulianza na nini? Kulikuwa na trekta? Hawa waliniambia, mama kaa chini, mashine inakuja. Nikakaa. Siku kumi nimekaa! Hakuna aliyeniuliza."

Akaomba jembe. Mkwewe akamletea. Akachimba pembeni ya shamba, vipigo kama ishirini, akipumzika katikati, akatia mbegu zake, akafukia kwa mguu. "Haya," akasema, "Otieno, fungeni ng'ombe." Kufikia saa tisa ng'ombe walikuwa kwenye shamba la Otieno, na ndugu wa pili anatafuta nira.

Mimi nilizaliwa kilomita nne kutoka boma lile. Desturi ile niliikuta kwa bibi yangu. Maisha yangu yote nimeuliza mpaka bei ya pua ya kiboko, na swali lile lililokuwa mbele ya uso wangu likaulizwa na Mkuria mwenye suruali ya mazishi. Nimemsamehe kuhusu hosi. Nimemsamehe kuhusu kuku. Swali lile bado.

Alinibakisha kazini. "Wewe uko na mikono, tunahitaji mikono," alisema tu. Tulipiga jeki, tukaweka magogo chini, tukavuta gurudumu, tukaitoa ekseli na nyumba yake. Pistoni zilikuwa pale, raba zake zimekatika kama ukucha. Tukaosha kila kitu, tukaweka mpya, tukamwaga oili yote ya difu maana ilikuwa imechanganyika, tukajaza nyingine. Upande wa pili vilevile, hata kama bado ulikuwa unafanya kazi. Breki zitengenezeni pande zote mbili, mkitengeneza mmoja trekta itavuta upande mmoja.

Siku ya pili ikabaki kutoa hewa. Kazi hii ni ya watu wawili, na ni ya kuaminiana. Mmoja anakaa kwenye kiti na mguu kwenye pedali. Mwingine yuko chini nyuma na spana kwenye skrubu ndogo ya kutolea hewa. Wa chini anasema "kanyaga," wa juu anakanyaga na kushikilia. Wa chini anafungua, oili inatoka na mapovu, anafunga. Ndipo anasema "achia." Wa juu akiachia kabla skrubu haijafungwa, hewa inavutwa ndani, na kazi yote ni bure, na hakuna atakayejua ni nani aliyekosea, maana lawama itakuwa ya aliyeshika spana.

Mwita akalala chini. Mimi nikapanda kitini.

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Shikilia."

Nilisikia skrubu ikifunguka, pedali ikazama chini ya mguu wangu. Na mguu wangu, naapa, ulitaka kunyanyuka. Kidogo tu. Hewa kiasi cha punje ya mtama. Kosa lingekuwa langu na lawama ingekuwa ya Mwita, na hakuna ambaye angeona. Niliangalia mbele. Mama Perez alikuwa anapalilia mboga karibu na nyumba, mgongo umeinama. Nikashikilia kwa uzito wangu wote.

"Jawuoth! Nimeshafunga. Achia, umelala?"

Tulirudia mara kumi na kitu kila upande. Mwishowe oili ikatoka safi. Mwita akasimama, akaenda kutafuta majivu anawe mikono.

Asubuhi iliyofuata Jared hakutaka kupanda na sikumlaumu. Mwita akapanda mwenyewe. Otieno akamwambia mama yake akae mbali, nyumbani kabisa. Mama Perez akasema atakaa mbali, ila pale chini alipokuwa amesimama siku ile lazima mtu asimame.

"Nani?" Otieno akauliza.

Hakutaja jina. Alinyosha tu kidevu, nami nikatembea mpaka pale. Vijana, jambo hili msilifanye. Trekta inajaribiwa uwanja mtupu, na mtu yeyote akiwa mbele unazima. Lakini siku ile hapakuwa na aliyenitetea, na sikuomba.

Mwita aligeuza pua chini. Akaja na klachi ameikanyaga makusudi, trekta ikishuka kwa uzito wake, ikichukua mwendo, bomba la moshi likitikisika. Niliona grili yake ikikua. Nilijua kila raba iliyokuwa ndani, nilikuwa nimeziosha mwenyewe. Hatua kumi na tano kutoka nilipokuwa akakanyaga.

Haikuruka, haikuvuta kushoto wala kulia. Iliketi tu, magurudumu yote mawili kwa pamoja, kama mtu mzima anayeketi kwenye kiti chake. Udongo kidogo ulinirukia kwenye viatu.

Mwita alizima injini, akanitazama kutoka juu, akainua vidole gumba.

Nilikuwa nimesimama pale, mzima, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kuisimamisha trekta vizuri namna ile.